Potasiamu 7.1: uchambuzi wa kosa la maabara lililoanzia kando ya kitanda

Kisa hiki kimeandaliwa kwa ajili ya mafunzo ya wataalamu wa maabara, wauguzi na madaktari wanaofanya kazi chini ya paa moja. Kimewekwa katika hospitali ya jijini Tanga ambayo haitajwi, na wahusika wake hawatajwi kwa majina, kwa kuwa lengo ni kufuatilia njia iliyopitiwa na kosa tangu sindano ilipoingia mshipani hadi dawa ilipomdhuru mgonjwa.

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka 58 mwenye kisukari na shinikizo la damu, aliyelazwa kwa sababu ya kidonda cha mguu kilichoanza kuingia usaha. Alikuwa akitumia metformini, na kwa ajili ya presha alikuwa akitumia losartani. Daktari aliagiza picha kamili ya damu, kipimo cha figo na elektrolaiti, yaani chumvi za damu kama sodiamu na potasiamu. Damu ilichukuliwa saa 7:40 mchana, muda mfupi kabla ya zamu ya asubuhi kukabidhi, ikafika maabara saa 8:10. Saa 10 jioni mashine ilitoa majibu: sodiamu 139, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) 98, potasiamu milimoli 7.1 kwa lita, ilhali kiwango cha kawaida cha potasiamu ni kati ya 3.5 na 5.1 hivi.

Potasiamu ya 7.1 inaweza kuusimamisha moyo. Mteknolojia wa zamu alifanya kile ambacho utaratibu ulimtaka afanye: alikagua seramu, yaani maji ya damu yanayobaki damu ikiganda, akaiona ya manjano, haina wekundu wa chembe zilizopasuka, alirudia kipimo, jibu likawa lile lile, kisha akampigia simu daktari wa zamu na kuandika saa ya simu hiyo katika daftari la majibu ya hatari. Desturi hii ya kutoa taarifa ya haraka kwa majibu yanayotishia uhai ilitokana na kazi ya daktari Mmarekani George Lundberg, aliyeieleza mwaka 1972, na tangu hapo imekuwa nguzo ya maabara za hospitali duniani kote. Siku hiyo ilitekelezwa bila dosari yoyote.

Daktari naye hakukurupuka. Alimpima mgonjwa mwenendo wa umeme wa moyo, akaona mchoro wa kawaida. Lakini alijua, kama inavyofundishwa, kwamba mchoro wa kawaida hauondoi hatari ya potasiamu iliyopanda, na kwamba losartani ni miongoni mwa dawa zinazoipandisha. Saa 10:45 alianza tiba: kalsiamu glukonati ya kuukinga moyo, halafu uniti 10 za insulini pamoja na dekstrosi, yaani maji ya sukari. Insulini huisukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya chembe, na ndiyo tiba inayotarajiwa katika hali kama ile.

Saa 1 usiku mama alianza kutetemeka na kutokwa jasho jingi. Sukari yake, ambayo insulini huishusha pia, ilikuwa imeshuka hadi 2.6. Aliongezewa dekstrosi kwa haraka, akatulia. Saa 1:30 damu ilichukuliwa upya na potasiamu ikasomeka 3.2. Katika faili likaandikwa kwamba tiba imefaulu, na wodi nzima ikapumua.

Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito mkubwa kuliko mahali pengine popote katika kisa hiki, kwa sababu kosa lilikuwa limejipatia ushahidi wa kuwa si kosa. Jibu la kwanza liliafikiana na dawa alizokuwa akitumia mgonjwa. Jibu la pili liliafikiana na tiba aliyopewa. Kila aliyelisoma faili alikuta hadithi inayoshikana vizuri mwanzo hadi mwisho. Kama mgonjwa angekuwa kijana mzima asiyetumia dawa yoyote, mtu angeshtuka na kuuliza. Jibu potofu lenye sura ya kutarajiwa hupita vizuizi vyote, kwani vizuizi vingi tulivyonavyo hutegemea mtu kushangaa.

Aliyeshangaa alikuwa mkuu wa maabara, asubuhi iliyofuata, alipopitia daftari la majibu ya hatari kama afanyavyo kila siku. Alichokiona ni tofauti ya 7.1 na 3.2, yaani 3.9. Uniti 10 za insulini kwa kawaida huishusha potasiamu kwa takribani 0.6 hadi 1.2 tu. Tiba ile haikuwa na uwezo wa kushusha kiasi kikubwa namna hiyo kwa muda wa chini ya saa tatu. Ikiwa insulini ilishusha 1 hivi, basi kabla ya tiba mama alikuwa na potasiamu ya 4.2 au karibu na hapo, ambayo ni ya mtu mzima wa afya. Alifungua rejista ya majibu ya nyuma: wiki mbili kabla, katika kliniki ya kisukari ya hospitali hiyo hiyo, potasiamu yake ilikuwa 4.4 na kreatinini 101. Jibu hilo lilikuwapo siku zote, ila utaratibu haukumtaka mtu alitazame kabla ya kutoa jipya.

Basi ile 7.1 ilitoka wapi?

Uchunguzi ulianza kwa kuondoa visababishi kimoja kimoja. Mashine ilikuwa salama: sampuli za udhibiti ubora za asubuhi, ambazo kiwango chake kinajulikana tangu mwanzo, ya kiwango cha chini na ya kiwango cha juu, zote zilikaa karibu na wastani. Chati za kufuatilia udhibiti huo zimetumika katika maabara za tiba tangu Levey na Jennings walipozieleza mwaka 1950, na kanuni za kuzisoma ziliboreshwa na Westgard na wenzake mwaka 1981. Zina manufaa makubwa, lakini zinalinda mashine peke yake. Sampuli ya udhibiti haijapata kulala kitandani wala kuchomwa sindano, kwa hiyo haiwezi kusema lolote kuhusu yaliyotokea wodini.

Kuchelewa na joto ndivyo vilivyofikiriwa kwanza na wengi, na si ajabu, kwa sababu katika miezi ya kaskazi Tanga huwa na joto kali, na maabara hiyo hupokea pia sampuli zinazoletwa kwa bodaboda kutoka Muheza na Pangani. Damu ikikaa muda mrefu bila kutenganishwa, potasiamu huvuja kutoka kwenye chembe nyekundu, ambamo imejaa mara 20 au zaidi kuliko ilivyo kwenye seramu. Lakini sampuli hii ilitoka ndani ya jengo lile lile, ikafika ndani ya nusu saa, na daftari la kazi lilionyesha kwamba ilizungushwa na kutenganishwa mara ilipoganda. Kupasuka kwa chembe kuliondolewa na rangi ya seramu. Uwezekano wa damu ya mgonjwa mwingine ulipungua sana kwa kuwa kreatinini ya 98 ilikaribiana na 101 ya awali. Dripu yenye potasiamu haikuwapo. Mama hakuwa na dripu yoyote saa ile.

Kilichobaki ni tyubu ya zambarau. Tyubu hiyo, inayotumika kwa picha kamili ya damu, ina EDTA, dawa inayozuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu. Na EDTA hiyo imo kama chumvi ya potasiamu. Damu ya tyubu ya zambarau ikiingia katika tyubu nyekundu, ile ya vipimo vya figo na elektrolaiti, hata kwa kiasi kidogo, mambo matatu hufuatana: potasiamu hupanda, kalsiamu hushuka, na kimeng'enya cha alikalini fosfatasi hushuka pia kwa sababu EDTA huyakamata madini ya zinki na magnesi ambayo kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila hayo. Sodiamu na kreatinini hubaki karibu zilivyokuwa. Ndiyo maana seramu ile ilionekana nzuri na majibu mengine yote yakawa ya kuaminika.

Kwa bahati njema, maabara hiyo huhifadhi seramu iliyobaki kwenye jokofu kwa siku kadhaa. Mkuu wa maabara aliitoa na kuipima vitu viwili ambavyo daktari hakuviagiza. Kalsiamu ilikuwa 1.2, ilhali kawaida huanzia 2.1 hivi, mtu mwenye kalsiamu kama hiyo kweli kweli angekuwa na mikazo ya misuli au degedege. Alikalini fosfatasi ilikuwa chini mno. Seramu ya usiku, iliyochukuliwa baada ya insulini, ilikuwa na vyote viwili katika kiwango cha kawaida, ingawa kwa kalsiamu ilibidi kukumbuka kwamba mgonjwa alikuwa ameshachomwa kalsiamu glukonati. Hivyo fosfatasi ndiyo iliyokuwa shahidi safi zaidi. Potasiamu ya 7.1 haikuwa ya mama. Ilikuwa ya tyubu.

Mkuu wa maabara hakuandika barua ya kumtaka muuguzi aliyechukua damu ajieleze. Alikwenda wodini mwenyewe, akasubiri hadi shughuli zikapungua, akaketi naye.

"Sista, sikuja kukutafutia kosa," alimwambia. "Nataka nielewe tu ile damu ya jana ilipatikanaje."

"Mishipa ya mama yule ni ya shida, mkuu. Nilichoma mara mbili, nikapata kidogo. Nikajaza ya zambarau kwanza, kisha nyekundu ikawa haijafika mstari. Nikaongezea kutoka ile ya zambarau, maana damu ni ya mama yule yule."

Sentensi hiyo ya mwisho inafaa kusomwa kwa makini. Muuguzi alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa ya mtu makini anayejali mgonjwa asichomwe mara ya tatu. Aliyajua mambo yote yahusuyo damu isipokuwa moja: kwamba ndani ya tyubu ya zambarau kuna chumvi ya potasiamu. Kibandiko cha tyubu kimeandikwa herufi za kitaalamu na ujazo, basi. Katika mafunzo yake alifundishwa rangi ipi ni ya kipimo kipi, na pengine hata mpangilio wa kujaza, ambao kimataifa huiweka nyekundu kabla ya zambarau. Ila sababu ya mpangilio huo hakuelezwa, na kanuni isiyo na sababu huwa ya kwanza kuachwa kazi inapozidi.

Lakini mkuu wa maabara aliuliza swali la pili, na jibu lake liligeuza uchunguzi wote: kwa nini hakuileta tyubu nyekundu ikiwa na damu kidogo hivyo hivyo? Muuguzi alisema kwamba maabara ingeikataa. Mwezi uliotangulia sampuli zake zilirudishwa zaidi ya mara moja kwa maandishi ya kalamu nyekundu, "haitoshi", bila maelezo mengine, na mara moja alisemeshwa dirishani mbele ya ndugu wa wagonjwa. Tangu hapo wauguzi wa wodi ile walikuwa wakihakikisha kwamba damu inafika mstari, kwa njia yoyote.

Utaratibu wa maabara ulidai mililita 4 katika tyubu nyekundu. Mashine ya elektrolaiti na kreatinini inahitaji seramu isiyofika hata mililita 1. Kiwango cha 4 kilikuwa kimewekwa miaka ya nyuma, kwa nia njema, ili kubaki na akiba ya kurudia vipimo. Na katika rejista ya vihatarishi ya maabara, sampuli pungufu ilikuwa imeandikwa kama kihatarishi, mbele yake ikaandikwa hatua ya kukidhibiti: kataa sampuli. Safu ya mwisho ilisema kihatarishi kimedhibitiwa.

Hapo ndipo ilipo hoja ya uchambuzi huu. Hatua iliyowekwa kuzuia kosa dogo, lile la kukosa damu ya kurudia kipimo, ndiyo iliyozalisha kosa kubwa, na ikalizalisha mahali ambapo maabara haina macho. Mwanasaikolojia James Reason wa Chuo Kikuu cha Manchester alitofautisha kosa linalofanywa na mkono wa mtu saa ile na hali zilizojificha ndani ya mfumo zikilingoja kosa hilo. Mkono wa muuguzi ulifanya kosa la kwanza. Hali zilizojificha zilikuwa katika kabati la mkuu wa maabara, zimepigwa mhuri na kutiwa saini.

Kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ISO 15189, katika toleo lake la mwaka 2022 kinaitaka maabara itambue hatari zinazomfika mgonjwa katika hatua zote, za kabla ya kupima, za kupima na za baada ya kupima. Na ISO 22367 ya mwaka 2020 inaeleza namna ya kuziendesha hatari hizo. Maabara ya kisa hiki ilikuwa katika maandalizi ya kuomba ithibati na rejista yake ilijazwa vizuri: umeme kukatika, jokofu kupanda joto, vitendanishi kuisha muda, mtu kujichoma sindano. Karibu yote yaliyomo humo yanatokea ndani ya kuta za maabara. Nimeona rejista za namna hii, na naamini udhaifu wake unatokana na jinsi zinavyoandikwa: wataalamu wa maabara huketi peke yao na kuorodhesha wanayoyaona. Muuguzi wa wodi, mpokeaji wa fomu na kijana anayebeba sanduku la sampuli hawaitwi, na hao ndio wanaoijua nusu ya kwanza ya safari.

Timu iliyoundwa baadaye, ikiwa na wauguzi wawili ndani yake, ilitumia njia ya kuchanganua namna kazi inavyoweza kushindikana na madhara yake, njia iliyoanzia katika jeshi la Marekani mwaka 1949. Kila kihatarishi hupewa alama 1 hadi 10 kwa uzito wa madhara, kwa wingi wa kutokea na kwa ugumu wa kugundulika, kisha alama hizo huzidishwa. Kuongezea damu kutoka tyubu moja hadi nyingine kulipata 9 kwa madhara, 4 kwa kutokea na 9 kwa ugumu wa kugundulika: 324. Jokofu kupanda joto, ambalo lilikuwa juu ya orodha ya zamani, lilipata 7, 4 na 2, yaani 56, kwa sababu king'ora chake hulia. Alama hizi ni maoni ya watu waliokaa mezani na hazipaswi kuchukuliwa kama vipimo. Faida yake hapa ilikuwa kwamba zililazimisha swali la kugundulika liulizwe. Alama ya 4 ya kutokea, kwa mfano, waliitoa wauguzi. Wenzao wa maabara walikuwa wamependekeza 1.

Pendekezo la kwanza lililotolewa katika kikao lilikuwa semina ya wauguzi na barua ya onyo. Barua ilikataliwa, na nadhani ilikataliwa kwa sababu sahihi: muuguzi aliyeonywa asingesema ukweli mara ya pili, na bila sentensi yake moja kosa lisingejulikana. Semina ilikubaliwa, lakini si kama dawa ya tatizo. Wauguzi huhama wodi, wanafunzi huja na kuondoka, na mtu aliyechoka saa 7:40 mchana hakumbuki semina.

Nguvu kubwa iliwekwa katika kuondoa sababu ya kuongezea damu. Kiwango cha chini kilishushwa hadi mililita 1.5 kwa vipimo vya figo na elektrolaiti, tyubu ndogo za watoto zikapelekwa katika wodi za watu wazima kwa ajili ya wenye mishipa migumu, na ikaandikwa kwamba sampuli yenye damu kidogo haikataliwi kabla mteknolojia hajapiga simu wodini na kukubaliana na muuguzi ni kipimo kipi kitangulie. Ukutani, juu ya toroli la dawa, likabandikwa tangazo fupi: tyubu ya zambarau ina potasiamu, usiimimine katika nyingine, jaza nyekundu kwanza.

Kizuizi cha pili kiliwekwa ndani ya maabara. Potasiamu yoyote inayozidi 6.0 katika seramu isiyo nyekundu hupimwa kalsiamu kutoka seramu ile ile na kulinganishwa na jibu la awali la mgonjwa, na kazi hiyo huchukua dakika chache. Kalsiamu ikiwa chini ya 1.9, daktari hupigiwa simu vile vile mara moja, ila anaambiwa wazi kwamba sampuli inatiliwa shaka na kwamba damu mpya inahitajika sasa hivi, kabla ya insulini ikiwa hali ya mgonjwa inaruhusu. Wateknolojia walilalamika kwamba vitendanishi vya kalsiamu vitaisha mapema, na hesabu ikafanywa: potasiamu zinazofika kiwango hicho ni chache kwa wiki, gharama inabebeka. Upungufu wa kweli wa kizuizi hiki ni mwingine. EDTA ikiingia kwa kiasi kidogo sana inaweza kuipandisha potasiamu bila kuishusha kalsiamu hadi chini ya mpaka, na pia inaweza kuificha potasiamu iliyo chini kweli kwa kuifanya isomeke ya kawaida. Jibu la namna hiyo halitamshtua mtu yeyote. Kuipima EDTA yenyewe kungeondoa shaka, lakini kipimo hicho hakimo katika mashine za hospitali nyingi.

Mgonjwa na mwanawe mkubwa waliambiwa. Daktari na mkuu wa maabara walikwenda pamoja kitandani, wakaeleza kwamba jibu la kwanza halikuwa sahihi, kwamba kutetemeka kwa usiku ule kulitokana na dawa iliyotolewa kwa kufuata jibu hilo, na wakaomba radhi. Losartani, iliyokuwa imesimamishwa, ikarudishwa. Jambo hili la mwisho lilikaribia kusahaulika: kama faili lisingesahihishwa, mama angeishi na maandishi ya kwamba losartani inampandisha potasiamu, na daktari wa kliniki angemnyima dawa inayolinda figo za mtu mwenye kisukari.

Suala ambalo timu ilikuwa haijalimaliza ni sampuli za bodaboda. Vituo vya Muheza na Pangani vinachukua damu kwa bomba la sindano, vinajaza tyubu kwa mkono, na vilikuwa vimezoea sharti lile lile la mililita 4, kwa sababu ndivyo maabara ilivyowaandikia. Mwongozo mpya ulitumwa kwa kila kituo pamoja na namba ya simu ya maabara, na mkuu wa maabara akaomba apewe siku ya kwenda huko na muuguzi yule wa wodini, ili aeleze yeye kwa maneno yake kilichotokea na sababu yake.